Saini Juu ya Ganda

Katika mbuga za Choma, kusini mwa Zambia, mvua zikishashika na majani yakafika kiunoni, huwezi kubashiri utakachokiona ndani ya kiota cha prinia. Hiki kina mayai meupe yenye vidoti vya rangi ya kutu. Kile cha kichaka cha pili kina mayai ya samawati yenye mabaka makubwa ya kahawia. Cha tatu mayai yake ni mekundu, rangi ya tofali, na cha nne yana kijani kizito cha zeituni kilichopitiwa na michirizi myembamba inayojipindapinda kuzunguka ncha nene. Mgeni angeapa kuwa ameona ndege wa aina nne. Kumbe wote ni wa aina moja, majirani wanaosikilizana sauti, na kila mama kati yao atataga yai la mtindo wake huo huo msimu huu, msimu ujao na maisha yake yote.

Prinia mwenyewe hana makuu. Ana uzito wa gramu kama 10, mgongo wa kahawia, ubavu wa rangi ya mchanga, na mkia mrefu anaousimamisha na kuuchezesha anapolalama ndani ya majani. Kitaalamu huitwa Prinia subflava, na si wa Zambia peke yake: yuko Kenya, Tanzania, Uganda, kwenye mashamba yaliyolala, kando ya vijito na hata katika bustani za mijini. Tumezoea kumsikia na kumpita. Kiota chake, mfuko mdogo wa nyuzi za majani uliosukwa kwa mdomo na kufungwa kwenye mashina, ni kazi inayostahili makala yake yenyewe. Lakini fundi huyu ana kazi nyingine, ngumu kuliko kusuka. Anasoma mayai. Akikuta kiotani yai ambalo si lake, mara nyingi hulitambua na kulitoa, hata likiwa limefanana na yake kiasi cha kumchanganya binadamu aliyelishika mkononi.

Anayemlazimisha kuwa na jicho hilo ni ndege mwingine mdogo, Anomalospiza imberbis, mwenye ukoo wa karibu na fumbwe. Nitamwita mdoezi, maana ndivyo aishivyo. Hajengi, haatamii, halishi. Jike huvizia kiota cha prinia wakati mwenye kiota anaendelea kutaga, huondoa yai moja au zaidi, huacha lake na kwenda zake. Kinda la mdoezi likishaanguliwa hukua mbio na kudai chakula kwa fujo, na makinda ya prinia mara nyingi hufa njaa ubavuni pake. Mama aliyekosea yai moja amepoteza kazi yote ya uzazi ule. Hata sura ya jike la mdoezi ina hila: linafanana sana na jike la kweche mwekundu, mla mbegu asiye na ubaya na mtu, hivyo linaweza kusogea karibu bila kuzua kelele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha jinsi prinia walivyolitatua hilo: huwashambulia wote wawili. Kweche anapigwa kwa kosa la kufanana.

Ufundi wenyewe huanzia gizani, ndani ya mwili wa ndege. Yai likishapata kiini na ute hushuka hadi sehemu ya mrija wa uzazi inayotengeneza ganda, na hapo hukaa saa nyingi likivikwa chokaa tabaka juu ya tabaka. Karibu rangi zote za mayai ya ndege duniani hutokana na vitu viwili tu. Kimoja ni protoporfirini, inayoleta wekundu na kahawia. Kingine ni biliverdini, inayoleta samawati na kijani. Ya kwanza ina undugu na kinachoifanya damu iwe nyekundu, ya pili ndiyo hiyo hiyo inayotia nyongo ukijani. Ganda likikosa zote mbili hubaki jeupe. Likipata zote mbili kwa wingi, huwa la zeituni. Naomba msomaji aikumbuke hiyo zeituni, tutarudi kwayo.

Madoa huja juu ya rangi ya msingi, mengi yake mwishoni mwa kazi. Yale yaliyowahi kuwekwa hufunikwa na chokaa inayoendelea kumiminwa, ndiyo sababu mayai mengi yana madoa ya kijivu hafifu yanayoonekana kuwa ndani ya ganda badala ya juu yake. Yai likitulia wakati rangi inatolewa, doa huwa duara. Likizunguka, doa huvutika na kuwa mchirizi. Kwa hiyo kinachochorwa kinategemea kiasi cha rangi, muda wake na mwendo wa yai lenyewe, na mama hana brashi wala jicho la kuitazama kazi inapoendelea. Pamoja na yote hayo, yai lake la leo hutoka likifanana na la jana. Mimi hapo ndipo ninapovua kofia.

Na kwa kuwa nimetaja kofia: mshona kofia za viua wa Unguja ukimwekea lundo la kofia sokoni, ataichomoa aliyoishona yeye bila kutafuta jina, kwa sababu mkono wake una mazoea yake, ukubwa wa tundu, nafasi kati ya tundu na tundu, namna anavyomalizia ukingo. Angekuwa anabadili mtindo kila kofia, jicho lake kali lisingemfaa kitu. Na kama washonaji wote wa mji wangekuwa na mkono mmoja, pia lisingemfaa. Kutambua kunahitaji mambo mawili yaende pamoja: fundi mmoja asiyeyumba, katikati ya mafundi wengi wasiofanana. Prinia wanayo yote mawili kwa kiwango ambacho wataalamu wa ndege hawachoki kukizungumzia. Mwaka 2015 Eleanor Caves na wenzake walionyesha jambo la ziada: katika mayai ya wenyeji wanaosumbuliwa na mdoezi, sifa za yai haziandamani. Kujua rangi ya msingi hakukusaidii kukisia ukubwa wa madoa, na ukubwa wa madoa haukuambii yametawanyika vipi. Kila sifa inabeba habari yake, hivyo michanganyiko inakuwa mingi mno kwa mwigaji.

Wazo la kwamba mayai ya ndege yanaweza kuwa saini si geni, na lina kona yake ya historia yetu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza Charles Swynnerton alikuwa akisimamia shamba karibu na msitu wa Chirinda, mpakani mwa Zimbabwe ya leo na Msumbiji. Alikuwa mtu wa kujaribu kila kitu. Alihamisha mayai kutoka kiota kimoja kwenda kingine, aina kwa aina, akaandika nani amekubali na nani amekataa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1918 katika jarida la Ibis, na humo aliandika hoja iliyokuwa mbele ya wakati wake: kwamba kekeo, ambaye naye hutaga kwenye viota vya wengine, akishafaulu kuiga yai la mwenyeji, njia iliyobaki kwa mwenyeji ni kila mama kutofautiana na mwenzake, ili mwigaji asijue amwige nani. Mwaka uliofuata Swynnerton akawa Bwana Nyama wa kwanza wa Tanganyika. Baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Wazee wa Usukuma walimjua kwa vita vyake dhidi ya mbung'o. Mayai yake ya Chirinda yalisubiri miongo mingi kabla ya kupata wasomaji.

Waliomsoma vizuri kuliko wengine ni Claire Spottiswoode, mzaliwa wa Afrika Kusini, na Martin Stevens wa Uingereza. Huko Choma, wakisaidiwa na wenyeji wanaojua kutafuta viota kwa subira ambayo mimi sina, walichukua yai la prinia mmoja na kuliweka kwenye kiota cha mwingine, kisha wakarudi kuchungulia kama bado lipo. Jaribio lenyewe ni rahisi hivyo. Ugumu uko kwenye kupima. Jicho la binadamu lina aina tatu za chembe za kuonea rangi. La ndege lina nne, na huona hata miale ya urujuanimno. Yai tunaloliona sisi kuwa pacha wa jingine linaweza kuwa na tofauti ya wazi kwa prinia, na kinyume chake. Kwa hiyo walipima mwanga unaorudi kutoka kwenye kila ganda kwa spektromita, wakapiga picha zenye vipimo, wakakokotoa mayai hayo yanaonekanaje kwa jicho la ndege.

Matokeo ya mwaka 2010 yananifurahisha kila ninapoyarudia. Prinia hutazama rangi kwanza. Kisha hutazama ukubwa wa madoa makuu, jinsi ukubwa huo unavyobadilika juu ya ganda moja, na jinsi madoa yalivyotawanyika. Hatazami kila kitu. Watafiti walipolinganisha mayai halisi ya prinia na mayai halisi ya mdoezi, waligundua kuwa sifa anazozitumia prinia ndizo hasa zinazotofautisha yake na ya mdoezi. Yaani katika mambo mengi ambayo angeweza kuyakagua, amechagua yale ambayo mwigaji huyakosea. Karani wa benki aliyefundishwa kukagua noti za bandia hufundishwa hivyo hivyo, ila prinia hakuna aliyemfundisha.

Si kila ndege wa Choma amechagua njia hiyo. Mdoezi huingilia pia viota vya sistikola uso-mwekundu, binamu wa prinia, na huyo mayai yake hayana tofauti kubwa kati ya mama na mama. Ungetarajia awe ndiye anayeumizwa zaidi. Spottiswoode na Stevens waliwalinganisha na kukuta kuwa sistikola huyu ana jicho kali kuliko prinia: hukataa yai lenye tofauti ndogo ambayo prinia angeivumilia. Mmoja ameweka nguvu kwenye uchoraji, mwingine kwenye ukaguzi, na mwisho wa hesabu wanalingana katika kujiokoa. Binafsi nampenda zaidi prinia, lakini hilo ni suala la ladha.

Prinia hana kioo, na hakuliona yai lake likitengenezwa. Amejuaje lililo lake? Mwaka 1925 Mjerumani Bernhard Rensch alimfanyia ndege mmoja wa Ulaya mchezo mkali: kila alipotaga, Rensch aliliondoa yai na kuweka la ndege wa aina nyingine. Alipotaga la nne na kuachiwa, mama yule alilitupa lake mwenyewe na kubaki akiatamia ya wageni. Rensch aliona kwamba ndege hutupa tu lile lisilofanana na mengi. Ilichukua nusu karne hadi Stephen Rothstein, huko Marekani, kuonyesha kwamba kuna zaidi ya hapo. Aliweka yai la mwenyeji likiwa peke yake katikati ya mageni mengi, na wenyeji waliyatoa yale mengi na kuliacha lao. Ndege hao hawakuwa wakihesabu kura. Walikuwa na kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo hupatikana mara ya kwanza mama anapotaga: anayatazama na kuyashika. Huko Japani, katika miaka ya 1990, Arnon Lotem, Hiroshi Nakamura na Amotz Zahavi walifuatilia ndege wa matete wanaosumbuliwa na kekeo, wakaona kwamba akina mama wachanga huvumilia mayai ya kigeni kuliko wenye umri. Hawakuwa wajinga, walikuwa bado wanajifunza upana wa kazi yao wenyewe, maana hata mkono thabiti una kutetereka kidogo, na anayekata shauri mapema anaweza kulitupa yai lake halali. Ndiyo hofu iliyo nyuma ya kila uamuzi wa namna hii. Kukubali kosa kunagharimu makinda. Kukataa kwa kosa nako kunagharimu kinda.

Sasa tumtazame kwera, yule wa manjano mwenye kichwa cheusi anayening'iniza vikapu vyake kwenye minazi na kupiga kelele mchana kutwa. Naye ni mwandishi wa saini. Mayai yake huwa meupe, ya samawati au ya kijani, yenye madoa au bila, na kila mama ana lake. Adui yake ni kekeo diderik, mwenye mgongo wa kijani kinachong'aa. Lakini kuna kwera ambao hawajamwona kekeo huyo kwa vizazi vingi. Katika karne ya 18 kwera wa Afrika Magharibi walisafirishwa hadi kisiwa cha Hispaniola, katika Karibi, na mwishoni mwa karne ya 19 wengine kutoka Afrika Kusini walifikishwa Mauritius. Diderik hakwenda nao.

David Lahti aliyapima mayai ya visiwani na kuyalinganisha na ya bara. Alichokikuta, alichokichapisha mwaka 2005, ni kwamba mkono umelegea. Mayai ya mama mmoja hayafanani tena kama zamani, na tofauti kati ya mama na mama imepungua. Watafiti waliotangulia walikuwa wameona kwera wa Hispaniola wakikubali mayai ya kigeni kwa wingi, wakasema jicho limekufa. Lahti alipofuatilia, alikuta jicho lingali hai. Ukimwekea kwera wa kisiwani yai lililo tofauti kabisa na yake, hulitoa. Kilichokufa ni maandishi. Msomaji yupo, uwezo anao, ila amebaki na ukurasa uliofifia.

Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivyo kwamba sehemu kubwa ya sifa ya kutambua inamstahili mwandishi kuliko msomaji. Tunapomsifu prinia kwa macho yake, tunasahau ile kazi ya gizani iliyofanya macho yawe na la kusoma.

Mdoezi naye hajalala. Huko Choma aliishi Meja John Colebrook-Robjent, mkusanyaji wa mayai ambaye hobi yake ingemletea matatizo na sheria katika nchi nyingi, lakini ambaye lebo zake ziliandikwa kwa uangalifu usio wa kawaida. Alifariki mwaka 2008. Kutokana na mayai yake na yale ya watafiti waliomfuata, iliwezekana kutazama miaka 40 ya mahali pamoja: prinia wa wakati ule na mdoezi wa wakati ule, prinia wa sasa na mdoezi wa sasa. Rangi za mayai ya prinia zilikuwa zimepanuka. Za mdoezi pia. Na mdoezi wa kila kipindi alifanana zaidi na prinia wa kipindi chake kuliko wa kipindi kingine. Mwenyeji anapotawanya mitindo, mwigaji anamfuata nyuma, na mtindo ukishakuwa wa wengi unakuwa hatari, kwa sababu ndio unaoigwa zaidi. Faida humwendea mwenye mtindo adimu, hadi watoto na wajukuu wake wawe wengi, kisha mchezo unageuka. Miaka 40 kwa mambo ya namna hii ni sawa na dakika.

Kuna mahali mdoezi amekwama, nako ni kwenye ile zeituni. Prinia kadhaa wa Choma hutaga mayai ya kijani kizito cha zeituni, na mdoezi hayawezi. Sababu yake ilielezwa mwaka 2022. Mdoezi hurithi sura ya yai kutoka kwa mama peke yake. Binti hutaga kama mama yake alivyotaga, baba awe ametoka popote. Kwa muda mrefu urithi huo ulimfaa, kwa maana binti aliyelelewa na prinia hakuhatarisha saini aliyoirithi kwa kuchanganya damu na dume lililolelewa na sistikola. Lakini zeituni huhitaji wekundu na samawati vikutane katika ganda moja. Ukoo wa akina mama wa mayai mekundu na ukoo wa akina mama wa mayai ya samawati haukutani kamwe, hata wakiolewa na madume wa upande wa pili. Prinia hurithi kutoka kwa baba na mama, hivyo anaweza kuchanganya. Watafiti wanadhani hapo ndipo mwigaji alipofungwa na kamba aliyoisuka mwenyewe.

Kwa kuwa hawezi kushinda kwa ubora wa nakala, mdoezi hushinda kwa wingi. Jike hurudi kwenye kiota kile kile na kutaga yai jingine, na pengine jingine tena. Mayai ya kigeni yakizidi, prinia huanza kusitasita, na uwezo wake wa kukataa hupungua. Kwa hiyo kumbukumbu yake, hata ikiwa ya kweli, si ya chuma. Bado inapima kilicho mbele yake, na mwongo akirudia mara za kutosha huanza kusadikika.

Jirani mmoja wa Choma hatishiki kirahisi. Ni mlamba, yule mweusi tii mwenye mkia uliogawanyika na macho mekundu, anayemfukuza hata mwewe. Kekeo wa Afrika humtumia kama yaya, na ameiga mayai ya milamba kwa ustadi: ukichukua mayai yote ya milamba na yote ya kekeo ukayatazama kwa jumla, ni vigumu kuyatenga. Mwaka 2023 Jess Lund na wenzake, wakiwemo Wazambia Silky Hamama na Collins Moya, walichapisha hesabu ya mchezo huo. Waliweka mayai ya milamba wengine viotani, wakaona tofauti ya kiasi gani humfanya mwenye kiota akatae, kisha wakakadiria ingekuwaje kwa mayai ya kekeo. Jibu: milamba wangekataa asilimia 93.7. Nakala ya kekeo ni nzuri, ila ni nakala ya milamba kwa ujumla, na yai haliatamiwi na milamba kwa ujumla. Linaangukia katika kiota cha mama mmoja mwenye saini yake, na hakuna dalili kwamba kekeo huchagua kiota cha kufanana.

Nje ya mwanga ufundi huu wote hauna maana. Mlembe, anayewaongoza Wahadzabe hadi kwenye mzinga, naye ni mdoezi. Hutaga ndani ya mashimo ya keremkerem mdogo, ambayo huko Choma mara nyingi huchimbwa kwenye dari ya pango la mhanga. Humo ndani ni giza. Mayai ya keremkerem ni meupe pe, hakuna cha kusoma, na mayai ya mlembe hayakataliwi. Kinda lake likianguliwa, likiwa bado kipofu, huwaua makinda ya mwenyeji kwa ndoana kali iliyo ncha ya mdomo.

Hilo linaleta swali ambalo kila anayesikia habari za prinia huliuliza: mama anayeona tofauti ya ukubwa wa vidoti vya milimita, kwa nini yai la mdoezi likishapasuka anamlisha kinda la mgeni bila kuuliza? Lotem alilijibu mwaka 1993 kwa hesabu, akimfikiria kekeo ambaye kinda lake hubaki peke yake kiotani. Kujifunza yai ni salama kiasi, kwa sababu hata mwigaji akiwahi, mayai ya mama mwenyewe yapo pale pale na yanaingia katika kumbukumbu. Lakini mama ambaye uzazi wake wa kwanza umeporwa huona kinda moja tu, la mgeni. Akilikariri hilo kuwa ndilo sura ya mwanawe, atawatupa watoto wake halisi miaka yote itakayofuata. Hasara ya kujifunza vibaya inazidi hasara ya kulea mgeni mara moja moja, hivyo ni afadhali asijifunze kabisa. Kwa prinia hali haiko mbali na hiyo, kwani makinda yake hayadumu sana pembeni ya lile la mdoezi. Kwa hiyo ukaguzi wote una wiki kama mbili za kuatamia, na uamuzi mwingi hukatwa siku chache za mwanzo. Baada ya hapo mdomo ulio wazi ni mdomo ulio wazi, na mama huenda kutafuta wadudu.